Mtoto atolewe mapema au asubiriwe? Uamuzi mgumu shinikizo la damu linapompata mja mzito

NI swali linaloulizwa kila siku katika wodi za uzazi nchini, aghalabu kwa haraka na kwa sauti ya chini: mja mzito aliyepatwa na tatizo kabla ya miezi tisa kutimia azalishwe sasa, au asubiri ili mtoto apate kukomaa?

Jibu la haraka mno laweza kumwacha mtoto akipigania pumzi kwa wiki kadhaa. Jibu la kuchelewa laweza kumwua mama, na mtoto pamoja naye.

Matatizo yanayozua swali hili ni mengi. Chupa ya maji yaweza kupasuka mapema, kondo la nyuma laweza kuziba njia ya uzazi na kuanza kuvuja damu, au mtoto mwenyewe aweza kudumaa tumboni. Hata hivyo, hakuna tatizo linaloweka maslahi ya mama na ya mtoto katika mvutano mkali kama shinikizo la damu linaloletwa na ujauzito, ambalo lisipodhibitiwa huweza kuishia katika kifafa cha mimba.

Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Kenya ilikuwa ikipoteza wanawake 355 kutokana na uzazi kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Kuvuja damu na shinikizo la damu ni miongoni mwa sababu kuu za vifo hivyo.

Ugonjwa wenyewe hujitokeza baada ya wiki ya 20 ya ujauzito. Shinikizo la damu hufika 140 kwa 90 au zaidi, likipimwa mara mbili kwa muda wa saa kadhaa, na pamoja nalo huonekana protini katika mkojo au dalili kwamba figo, ini, ubongo au damu yenyewe imeanza kuathirika. Likifika 160 kwa 110, hiyo ni dharura. Mgonjwa anastahili kupewa dawa ya kuliteremsha papo hapo, wala si baada ya foleni kwisha.

Chanzo chake kimo katika kondo la nyuma. Katika ujauzito wa kawaida, mishipa ya damu ya mfuko wa uzazi hupanuka ili kulilisha kondo hilo. Kwa wanawake wengine mishipa hiyo haipanuki ipasavyo. Kondo linapokosa damu ya kutosha humwaga katika mwili wa mama kemikali zinazoharibu kuta za mishipa yake, na kwa sababu mishipa imo kila mahali mwilini, hakuna kiungo kilicho salama.

Hapo ndipo ulipo ugumu wote. Dawa za shinikizo la damu kama vile methildopa, nifedipini na labetaloli huliteremsha shinikizo na kumkinga mama dhidi ya kupasuka mshipa wa ubongo, lakini haziuondoi ugonjwa. Ugonjwa huanza kuondoka kondo la nyuma linapotoka, na kondo haliwezi kutoka bila mtoto kutoka. Kusubiri, basi, si tiba ya mama. Kila siku anayosubiri anaitoa yeye kwa ajili ya mtoto wake, na ni lazima aelezwe hivyo waziwazi.

Jambo linalowatatiza wengi ni kwamba mgonjwa mara nyingi hahisi kuugua. Amefika kliniki kwa miguu yake, amepimwa, na ghafla anaambiwa asirudi nyumbani. Baadhi hukataa kulazwa wakidai wana watoto nyumbani au biashara sokoni, na si rahisi kuwalaumu, kwani mwili wao hauwapi sababu ya kuogopa. Dalili zinazohisika huja baadaye: kichwa kuuma kupita kiasi, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu za kulia, kuishiwa na pumzi, uso na mikono kuvimba ghafla. Atakayezingoja hizo ndipo aende hospitalini amechelewa. Katika jamii kadhaa mishtuko ya kifafa hiki bado huhusishwa na mapepo, na saa ambazo zingemwokoa mgonjwa huishia kwa mganga.

Daktari anapopima kama mtoto atolewe au asubiriwe, kwanza huuliza ujauzito una wiki ngapi.

Kuanzia wiki ya 37 hakuna mjadala mkubwa. Mtoto amekomaa, na kusubiri hakuna faida kwake. Utafiti uliofanywa nchini Uholanzi na kuchapishwa 2009, uliowahusisha wanawake 756 waliokuwa wametimiza wiki 36 au zaidi, ulionyesha kwamba miongoni mwa walioanzishiwa uchungu asilimia 31 walipatwa na madhara, ilhali miongoni mwa walioachwa kusubiri walikuwa asilimia 44. Wala idadi ya waliopasuliwa haikuongezeka, kinyume na hofu ya wengi.

Kati ya wiki ya 34 na ya 37 wataalamu wenyewe hawakubaliani. Madaktari wa uzazi wa Marekani hushauri kwamba ugonjwa ukiwa mkali, mtoto atolewe mara tu wiki 34 zinapotimia. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaruhusu kusubiri hadi wiki ya 37, mradi shinikizo linadhibitika, viungo vya mama haviendelei kuharibika, mtoto hana shida, na kuna uwezo wa kuwachunguza wote wawili.

Tafiti za karibuni zimeuelemea upande wa kuzalisha, lakini zimeonyesha pia bei yake. Katika utafiti wa Uingereza na Wales uliochapishwa 2019, uliowashirikisha wanawake 901 wa wiki hizo, waliozalishwa kwa mpango walipatwa na madhara machache kuliko waliosubiri, yaani asilimia 65 dhidi ya 75. Watoto wao, hata hivyo, walilazwa zaidi katika wodi ya watoto wachanga: asilimia 42 dhidi ya 34. Utafiti kama huo ulifanywa baadaye India na Zambia, mahali panapofanana na Kenya kuliko London, na matokeo yake yakachapishwa 2023. Huko, waliozalishwa mapema walikuwa na watoto wachache waliozaliwa wafu. Hilo ni jambo la kuzingatiwa, kwa kuwa pale ambapo mapigo ya moyo wa mtoto hayapimwi mara kwa mara, kusubiri kunaweza kumaanisha kukuta ameshafia tumboni.

Chini ya wiki ya 34 mizani hugeuka. Mtoto wa wiki 30 au 31 hufaidika mno kwa kila siku anayokaa tumboni, na ushauri wa kawaida ni kusubiri iwapo hali ya mama inaruhusu. Kusubiri huku si kwenda nyumbani na kurudi baada ya wiki mbili. Ni kulazwa katika hospitali yenye madaktari wa upasuaji, damu na maabara, kupimwa shinikizo usiku na mchana, kupimwa damu kila baada ya siku chache ili kuona hali ya figo, ini na chembe zinazogandisha damu, na kusikilizwa kwa moyo wa mtoto. Hospitali isiyoweza kuyafanya hayo haina haki ya kusema inamsubiri mtoto akomae.

Na yapo mambo ambayo yakitokea subira hukoma, hata kama wiki ni chache kiasi gani: mama kupatwa na mshtuko wa kifafa, shinikizo kukataa kuteremka licha ya dawa, mapafu kujaa maji, chembe za kugandisha damu kupungua huku ini likiharibika, kondo la nyuma kubanduka, au moyo wa mtoto kuonyesha kwamba anadhikika. Hapo mama hutulizwa kwanza, kisha mtoto hutolewa. Ujauzito ukiwa mchanga kiasi kwamba mtoto hana tegemeo la kuishi, na mama ana ugonjwa mkali, WHO inashauri uchungu uanzishwe. Maneno hayo ni machungu kuyasikia, lakini kumsubiri mtoto asiyeweza kufika ni kumhatarisha mama bila kumwokoa yeyote.

Ila wiki za ujauzito ni nusu tu ya hesabu. Nusu ya pili, ambayo husahaulika sana katika mazungumzo ya familia na hata ya baadhi ya madaktari, ni mahali mtoto atakapozaliwa.

Kulingana na WHO, katika nchi maskini zaidi ya asilimia 90 ya watoto wanaozaliwa kabla ya wiki 28 hufariki katika siku chache za kwanza. Katika nchi tajiri, wanaofariki hawafiki asilimia 10. Watoto ni wale wale na mapafu ni yale yale. Tofauti ni joto, hewa ya oksijeni, mashine ya kusukuma hewa puani, maziwa ya mama yanayotolewa kwa mpira mwembamba, usafi wa mikono, na muuguzi aliye na nafasi ya kumtazama mtoto. Wiki 32 katika hospitali moja si wiki 32 katika nyingine.

Hakuna linaloonyesha jambo hili kama historia ya sindano za kukomaza mapafu. Mtafiti Graham Liggins wa Auckland, New Zealand, alikuwa akichunguza kondoo katika miaka ya 1960 alipogundua kwamba wanakondoo waliozaliwa kabla ya wakati baada ya kupata dawa za jamii ya steroidi waliweza kupumua kuliko ilivyotarajiwa. Yeye na mwenzake Ross Howie wakaijaribu dawa kwa wanawake, na mwaka 1972 wakachapisha matokeo yaliyobadilisha uzazi duniani. Mama akidungwa sindano hizo kabla ya kujifungua, mapafu ya mtoto hutengeneza mapema ute unaozuia vifuko vya hewa kunata.

Dawa ikawa rahisi na ikasambazwa. Kisha ukafanywa utafiti mkubwa katika nchi sita, Kenya ikiwemo, ambapo sindano hizo zilipelekwa hadi mashinani, kwa wahudumu wa ngazi zote. Matokeo yaliyochapishwa 2015 yaliwashtua wengi. Katika maeneo yaliyopewa dawa, watoto waliofariki kabla ya siku 28 walikuwa wengi zaidi, takriban 27 kwa kila 1,000 ikilinganishwa na 24 kwingineko. Mama walioshukiwa kuwa na maambukizi pia waliongezeka. Wengi waliodungwa hawakujifungua watoto wadogo kabisa. Walipewa dawa ambayo haikuwahusu.

WHO ikaanzisha utafiti mwingine, safari hii katika hospitali 29 za Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan. Umri wa mimba ulithibitishwa kwa picha za mawimbi ya sauti, na hospitali zilikuwa na uwezo wa kumtunza mtoto. Walishiriki wanawake 2,852 waliokuwa kati ya wiki ya 26 na ya 34. Matokeo yaliyotolewa 2020 yalikuwa kinyume cha yale ya kwanza: asilimia 19.6 ya watoto waliozaliwa hai wa kundi lililopewa deksamethasoni walifariki, ilhali kundi lisilopewa lilipoteza asilimia 23.5. Kwa kila wanawake 25 waliotibiwa, mtoto mmoja zaidi aliokolewa.

Ni aina ile ile ya dawa, na Kenya ilikuwemo katika tafiti zote mbili. Mahali na uhakika wa wiki ndivyo vilivyobadilika.

Uhakika wa wiki nao ni tatizo linaloanza mapema mno. Wanawake wengi huanza kliniki mimba ikiwa na miezi mitano au sita, na tarehe ya hedhi ya mwisho imeshasahaulika. Picha iliyopigwa katika miezi mitatu ya kwanza hukosea kwa siku chache tu. Iliyopigwa mimba ikiwa kubwa yaweza kukosea kwa wiki mbili hadi tatu, na mtoto aliyedumaa kwa sababu ya ugonjwa huu huu huonekana mdogo kuliko umri wake. Daktari anaweza kudhani anamsubiri mtoto wa wiki 31, kumbe ni wa 34 aliyekosa chakula, na kila siku ya kusubiri inamdhuru. Picha moja kabla ya wiki ya 24, ambayo WHO imeipendekeza tangu 2016, si anasa ya kutaka kujua kama ni mvulana au msichana.

Kwa mgonjwa aliyeko zahanati au kituo cha afya, swali la kwanza si lini mtoto atolewe bali mama atafikaje hospitali inayofaa. Hakuna inkubeta ya safari inayoshinda tumbo la mama. Mtoto wa wiki 30 anayesafirishwa akiwa tumboni hufika akiwa na joto na hewa. Anayezaliwa njiani, akafungwa katika leso na kukimbizwa kwa pikipiki, hufika akiwa baridi, kama atafika.

Kabla ya safari, mwenye ugonjwa mkali anastahili kupewa dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti pamoja na dawa ya shinikizo. Sindano zake za matakoni zinauma, lakini utafiti wa kimataifa uliochapishwa 2002, uliowahusisha zaidi ya wanawake 10,000, ulithibitisha kwamba hupunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu. Dawa hiyo si ghali, na muuguzi aliyefunzwa aweza kuitoa. Aidha, ikiwa mtoto atazaliwa kabla ya wiki 32, humkinga dhidi ya ulemavu unaotokana na ubongo kudhurika.

Kituo kinachotoa rufaa hakina budi kupiga simu kwanza na kuuliza kama wodi ya watoto wachanga ina nafasi. Hospitali iliyo bora mwezi huu yaweza kukosa wahudumu mwezi ujao. Migomo ya madaktari iliyokamilika Machi 2017 na Mei 2024 iliwafunza wengi hivyo. Hata siku za kawaida, muuguzi mmoja katika wodi ya umma aweza kujikuta na watoto zaidi ya kumi.

Ni nani basi mwenye kauli ya mwisho? Katika wodi nyingi bado husikika kwamba mume anasubiriwa atie sahihi, au mama mkwe ashauriwe. Kushauriana ni jambo jema. Lakini Sheria ya Afya ya 2017 inampa mgonjwa mwenyewe haki ya kuelezwa hali yake, njia zilizopo, na faida na hatari za kila njia, kisha akubali au akatae. Mwanamke mtu mzima mwenye akili timamu hahitaji sahihi ya mumewe ili aokolewe. Katiba nayo, katika kifungu cha 43, inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Maswali yanayofaa kuulizwa hapo ni machache. Mimba ina wiki ngapi, na hesabu hiyo imetokana na nini? Ugonjwa umefika viungo gani? Tukisubiri, tunasubiri nini, na ni dalili gani itakayotufanya tuache kusubiri? Hospitali hii yaweza kumtunza mtoto wa umri huu? Daktari anayejua kazi yake hatachukizwa na maswali hayo.

Inafaa pia kuuliza atazaliwa vipi. Kuzaliwa mapema si lazima kuwe kwa upasuaji. Hali ya mama na mtoto ikiruhusu, uchungu huanzishwa na mama akajifungua kwa njia ya kawaida. Katika wiki za mapema sana uwezekano wa upasuaji ni mkubwa, na mfuko wa uzazi ukiwa bado mdogo huenda ukalazimika kupasuliwa wima badala ya kukingama. Mshono wa namna hiyo huweza kufumuka katika ujauzito mwingine, hivyo mama hushauriwa kujifungua kwa upasuaji siku zijazo. Ni lazima ajue mshono wake ni wa aina gani, na iandikwe katika kijitabu chake cha kliniki.

Mtoto akishazaliwa, kinachomfaa sana hakihitaji umeme. Malezi ya kangaruu, ambapo mtoto hufungwa kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, yalianzishwa Bogotá, Colombia, mwaka 1978 na daktari Edgar Rey Sanabria kwa sababu inkubeta hazikutosha. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba mtoto hawezi kuwekwa hivyo mpaka atulie. Utafiti wa WHO katika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliochapishwa 2021, uliwapa mama watoto wa kati ya kilo moja na kilo 1.8 mara tu baada ya kuzaliwa. Asilimia 12 walifariki, ikilinganishwa na 15.7 ya waliosubiri watulie kwanza. Mama akiwa bado mahututi, baba au nyanya aweza kumbeba.

Wala hatari kwa mama haikomi siku ya kujifungua. Kifafa chaweza kumshika baada ya mtoto kutoka, hasa katika saa 48 za kwanza, na mara nyingine hata baada ya siku kadhaa. Shinikizo huendelea kupimwa, na aliyeruhusiwa kwenda nyumbani hurudi kupimwa hadi wiki sita zipite. Likikataa kushuka baada ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa la kudumu.

Mwanamke aliyewahi kuugua hivi yumo katika hatari ya kuugua tena, hasa ikiwa mtoto alilazimika kutolewa kabla ya wiki ya 34. Anapopata mimba nyingine anafaa kufika kliniki mapema, kabla ya miezi mitatu kwisha, na kumweleza mhudumu yaliyompata. Aspirini ya kiasi kidogo ikianzwa karibu na wiki ya 12 hupunguza uwezekano wa ugonjwa kurudi, nayo kalsiamu husaidia kwa wasioipata ya kutosha katika chakula. Aspirini ikianzishwa baada ya wiki ya 20, faida yake huwa imepungua mno.